Mbuzi Tisa Mbele ya Galeri

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka juu ya Butembo mpaka ukafunika vibao vya maduka, na baridi ilikuwa ile ya kumfanya mama afunge kitenge cha pili juu ya cha kwanza. Mvua haikunyesha. Maji yalidondoka tu kutoka kwenye mabati, tone moja moja, juu ya sementi ya ua.

Débora alikuwa akiupima ua kwa miguu. Hatua kumi na moja kutoka mlango wake mpaka kwenye bomba lililofungwa kwa kufuli. Hatua sita kutoka bomba mpaka ukuta wa depo. Alifika ukutani, akageuka, akahesabu tena, kana kwamba usiku ulikuwa umeongeza kitu. Haukuongeza.

"Mama Shekinah," mume wake Ananie alimwambia kutoka mlangoni, vifungo vya shati vikiwa bado wazi, "utatoboa sementi ya wenyewe."

"Batu kumi na bine batakala wapi? Sema weye."

"Nilishasema. Nilisema Mususa."

"Njo unaanza tena."

Ananie alifunga kifungo kimoja, akarudi ndani. Alikuwa fundi mbao, mtu wa maneno machache, na neno hilo la Mususa, kule pembezoni mwa mji alikokuwa na kiwanja, alilisema mara moja tu kwa siku, kama dawa.

Siku hiyo wakwe walikuwa wanakuja. Binti yao wa kwanza, Shekinah, alikuwa ameposwa na kijana anayeitwa Josaphat, wa familia ya wakulima wa kakao huko Mavivi, pembeni ya Beni. Mahari ilikuwa imeshazungumzwa kwa simu mwezi wa tano: mbuzi tisa, kila mmoja akiwa fungu la ndugu mmoja wa binti. Wazee walikubaliana kwamba, kwa kuwa siku hizi watu wa mjini hawana mahali pa kufunga mbuzi, kila mbuzi angegeuzwa pesa na pesa zingetiwa katika bahasha. Wangefika saa sita mchana, wangekula, wangesali, wangekabidhi bahasha, wangeondoka. Débora alikuwa amemwomba meneja wa jengo ruhusa ya viti kumi na vinne mpaka saa nane.

Ndiyo, hata viti viliombewa ruhusa. Alikaa na familia yake nyuma ya galeri, jengo la maduka la ghorofa mbili, katikati kabisa ya mji: chumba kimoja na sebule ndogo, dola tisini kwa mwezi, na miezi sita ya kwanza kulipwa yote siku ya kuingia. Tangu vita vya upande wa Lubero vilete watu wengi mjini, bei ilikuwa imepanda tena, na aliyelalamika alionyeshwa wale wanaosubiri chumba chake. Ndani ya geti kulikuwa na karatasi iliyobandikwa. Hakuna kufuga mnyama. Hakuna matanga. Hakuna kuimba baada ya saa mbili usiku. Hakuna kutwanga, kwa sababu mchi unatikisa vigae vya maduka. Basi Débora, aliyezaliwa kwa watu wa mihogo, alinunua sombe, majani ya mihogo yaliyokwisha kusagwa, kwa vifuko. Maji alinunua. Makaa alinunua kwa kopo. Hapakuwa na udongo wa kutosha kuotesha hata kitunguu kimoja. Mama yake mzazi alipofariki, miaka miwili nyuma, waombolezaji walikaa Mususa kwenye kiwanja cha Ananie, naye akasema ni siku tatu tu, akarudi.

Alirudi kwa sababu alipapenda. Mashine yake ya kushona ilikaa kwenye barza ya mbele ya galeri, na wanawake walionunua vitenge ndani walimkuta hapo hapo mlangoni, kabla hawajamfikiria fundi mwingine. Umeme ulikuwapo. Matope hayakuwapo. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo alimwambia Mungu peke yake, kwa kunong'ona, maana ukuta wa pili ulikuwa wa mbao: kanisani, akisema "ninakaa centre-ville", watu walisogea kwenye benchi kumpa nafasi. "Bwana, unitunze hapa," aliomba kila asubuhi. Na siku hiyo aliongeza: "Wakwe waone ya kwamba mtoto wangu anatoka mahali."

Hapo ndipo dhambi ndogo ilipoingia. Mwezi huo huo wa tano, baada ya mahari kukubaliwa, Josaphat alikuwa ameomba picha ya familia awaonyeshe wazee wake. Débora hakutaka kupiga picha kwenye ua wa bomba na kufuli. Upande wa kushoto kulikuwa na nyumba ya mwenye galeri, tajiri anayeishi zaidi Dubai kuliko Butembo: geti la chuma, mawe yaliyopangwa, maua, lupango, yaani ua, pana la kutosha harusi tatu. Alimwomba meneja afungue geti kwa dakika tano. Familia yote ikasimama pale na nguo za kanisa. Kisha akamwambia Shekinah aandike chini ya picha neno moja: Kwetu.

"Mama, hapa hapana kwetu," Shekinah alikuwa amesema.

"Andika. Kwani si jirani?"

Shekinah aliandika.

Ilipofika saa tatu, Débora alikuwa bado na kitambaa cha kulalia kichwani, akipuliza makaa ya mbabula, aliposikia honi ndefu barabarani. Baada ya honi akasikia sauti ambayo katikati ya mji haisikiki ila siku ya soko. Alisimama. Shekinah alitoka ndani, kitana kikiwa kimenasa katika nywele.

"Mama, ile ni mbuzi."

"Ni ya kupita."

"Haipite. Imesimama."

Walitoka mbele mbio. Lori la Fuso lilikuwa limesimama mbele ya galeri, nusu kwenye barabara, nusu kwenye ngazi ya vigae. Lilikuwa limebeba mbuzi tisa wenye kamba mpya, na kati yao watu waliovaa vizuri sana. Josaphat alikuwa ameshuka, akijaribu kuwashika wawili. Mmoja alikuwa amemponyoka, amepanda ngazi, anajitazama katika kioo cha duka la simu. Bamotari waliokuwa wakisubiri abiria walikuwa wameshazima pikipiki zao ili wasipitwe na kitu.

"Papa, ile inauzisha ao inanunua?" mmoja aliuliza.

"Inatafuta chargeur ya simu," mwingine akajibu.

Mzee mrefu wa koti jeusi alishuka kutoka mbele, taratibu, akatikisa vumbi la njia. Huyo alikuwa Syauswa, baba mdogo wa Josaphat na msemaji wa familia. Nyuma yake alishuka dada yake Kanyere, mama mnene wa miaka sitini, akiwa amevaa viatu vipya ambavyo kila mtu aliona vinamwumiza.

"Wasingya, bakwe," Syauswa alisema, akishukuru kwanza kama inavyopasa. "Tumefika mbele ya saa. Tulitoka Mavivi na giza kidogo, njia ikakuwa ya muzuri, Mungu ni mwema."

"Karibuni," Ananie alijibu. Alikuwa na viatu, lakini hana soksi. "Mais, papa, tulisikilizana enveloppe."

"Enveloppe iko," Syauswa alisema. "Tuliiandaa. Kisha kijana akatuonyesha picha. Tukakala, tukaitazama. Tukasema: batu ya lupango kama ile, kuwaletea karatasi ni kuwatukana. Batasema siye batu ya kakao tunajua tu kuhesabu. Donc tukatafuta mbuzi yenyewe."

Kanyere alinyoosha kidole kuelekea lori. "Ile nyeupe ni ya mama wa binti. Ni miye niliichunga. Hapana kuichinja mbio, iko na mimba."

Débora aligeuka kutazama. Mbuzi mweupe alikuwa amesimama na masikio yaliyolala, mzuri, amesafishwa kwa sabuni.

Katika msongamano huo alitokea Zorobabel, meneja wa galeri, na funguo zake. Alikuwa mtu wa adabu, mwenye koti na kalamu mfukoni, na adabu yake ndiyo iliyowachosha wapangaji.

"Mama Débora," alisema polepole, "tulisema viti."

"Papa Zoro, ni bakwe. Hatukujua."

"Nimeona ni bakwe. Na hii nyingine nimeona ni mbuzi. Article ya kwanza ya mu karatasi inasema nini?"

"Saa moja tu."

"Bosi iko Dubai, lakini macho yake aliacha hapa." Alijigusa chini ya jicho. Kisha akamsogeza Débora pembeni, karibu na mashine yake ya kushona, akashusha sauti. "Sikia, mama. Miye si mutu mubaya. Geti ya Bosi, ile ya picha, niko na ufunguo. Bataingia, batakala saa moja ku maua, utapokea, batatoka. Hakuna mwenye atajua. Mais mbuzi moja itabakia kwangu. Ile nyeupe."

Débora alitazama nyuma. Ananie alikuwa akizungumza na Syauswa juu ya njia, kama mtu anayemwaga maji kidogo kidogo ili yasiishe. Mbuzi wa duka la simu alikuwa amekojoa juu ya vigae, na mwenye duka alikuwa anapiga kelele. Saa moja tu, alifikiri. Geti lingefunguka, wakwe wangekaa kati ya maua, na neno lile chini ya picha lingekuwa kweli kwa saa moja. Mbuzi mweupe alikuwa wake. Hakuwa wa mjomba wala wa nyanya. Kama angeitoa mali yake mwenyewe, nani angemdai?

"Fungua," alisema.

Zorobabel alianza kutafuta ufunguo kati ya funguo zake nyingi. Ilimchukua muda. Na katika muda huo Kanyere alikuja akichechemea, akakaa bila kuombwa kwenye kiti cha mashine, akavua kiatu kimoja.

"Mama, unisamehe," alisema. "Hivi viatu nilivinunua juu ya ile picha yenu. Nikasema, ndugu yangu, kule utakanyaga mawe ya matajiri, hautaenda na bodabota." Bodabota ni zile buti za plastiki za shambani. Alicheka mwenyewe, akausugua mguu. Kidole kidogo kilikuwa kimechubuka, kinatoa damu. "Vinanikula. Mais kwa mutoto wetu Josaphat nitavivumilia."

Débora alitazama kile kidole. Alijaribu kusali, akakuta sala yake ya kila siku inagoma kutoka. Unitunze hapa. Hapa wapi? Kwenye geti la mtu wa Dubai, kwa ufunguo wa Zorobabel, kwa mbuzi aliyechungwa na mama huyu?

"Papa Zoro, acha," alisema.

"Nimeupata, huu hapa."

"Acha."

Alishuka ngazi mpaka kwenye lori, akasimama mbele ya Syauswa. Bamotari walisogea karibu, maana uso wake ulikuwa uso wa mtu aliye na habari.

"Papa Syauswa, ile lupango ya mu picha si yetu. Ni ya mwenye galeri. Siye tunakala nyuma, chumba moja na salon, na hata ku ua bananikataza kutwanga sombe. Nilifungulisha geti ya wenyewe, nikapangisha batoto, nikamuambia Shekinah aandike uongo. Yeye alikatala. Ni miye."

Shekinah alikuwa anatazama chini. Josaphat, aliyekuwa bado anashikilia kamba mbili, alizifunga mkononi mara moja zaidi bila sababu.

Kanyere ndiye aliyeanza, kutoka kwenye barza, kiatu mkononi. "Kumbe ni hivyo. Nimekufa vidole juu ya maua ya mutu mwingine."

Bamotari walicheka. Syauswa hakucheka. Aliwaita watu wake nyuma ya lori, wakazungumza kwa Kinande, sauti chini. Débora hakuweza kusimama mahali pamoja. Alikwenda mpaka kwenye mashine, akafunika kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimefunikwa, akarudi, akaenda tena. Aliogopa neno moja tu: turudi. Wangegeuza lori, wangepita katikati ya maneno ya watu, na Shekinah angekuwa binti aliyerudishiwa mbuzi barabarani kwa sababu ya mama yake. Josaphat alikuwa kijana mwema, lakini kijana mwema hawezi kuoa bila wazee.

Syauswa alirudi. Hakumtazama Débora. Alimtazama Ananie.

"Mukwe, mbuzi ya mahari haipokelewe ku barabara. Ya barabara ni ya kuuza. Kamba inapita juu ya mulango wa baba wa binti, njo binti ametoka. Unasikia?"

"Ninasikia."

"Uko na mulango?"

Ananie alikohoa. "Niko na moja. Mususa. Iko ya mbao yangu mwenyewe. Mais haina kitasa."

"Siye hatukuje kufunga," Syauswa alisema. "Pandeni."

Mbele ya lori hapakuwa na nafasi, kwa hiyo Débora alipanda nyuma na mbuzi, na kitambaa chake cha kulalia, na Shekinah pembeni. Ukungu ulikuwa umeondoka. Mji wote ulionekana, na yeye alionekana na mji wote. Walipita mbele ya duka la mke wa shemasi, aliyeinua mkono kusalimia kisha akausahau hewani. Débora aliinua wake. Mbuzi mweupe alikuwa ameegemea goti lake, na lori lilipoyumba kwenye mashimo alilazimika kumkumbatia shingoni.

"Mama, unalia ao unacheka?" Shekinah aliuliza.

"Shika ile ya mujomba wako, itaruka."

Kule Mususa lami iliisha, njia ikawa nyekundu, na nyumba zikaanza kuachana. Kiwanja cha Ananie kilikuwa na migomba, mstari wa maharage, na nyumba ya matofali mabichi yenye vyumba viwili. Kimoja kilikuwa na bati. Kingine kilikuwa na turubai. Bénite, dada mdogo wa Ananie, aliyekuwa akiitunza nyumba hiyo na kulima, alikuwa anaanua nguo. Aliona lori, akaona mbuzi, akamwona wifi yake akishuka kutoka kati yao.

"Yesu wangu," alisema. "Nani amekufa?"

"Hakuna," Ananie alijibu. "Leta viti."

"Viti gani? Niko na viwili na mukeka."

Waliketi kwenye magogo na kwenye mkeka. Hakuna aliyeulizia ruhusa. Sombe ya vifuko na mchele vilikuwa vimebaki mjini, hivyo Bénite aliweka ndizi kwenye moto, na watoto wa majirani wakaja kuwapa mbuzi majani. Syauswa alisimama mbele ya mlango wa mbao. Ulikuwa mlango mzuri, umepigwa randa vizuri, na ulikuwa umeegemezwa tu kwenye fremu. Alimchukua mbuzi wa kwanza, wa baba, akaunyoosha mkono wenye kamba. Kisha akausimamisha.

"Nani analala humu?"

"Ni miye," Bénite alisema.

"Na baba wa binti?"

Ananie alitazama ardhi.

"Basi tuko na neno lingine," Syauswa alisema. "Kwetu kamba inapita mulango wa mwenye kulala. Nikipitisha hapa, nitakuwa nimemuposa huyu dada."

Watu walicheka, na Bénite akacheka kuliko wote, akasema kwamba yeye hakatai, kama Papa Syauswa atamwongezea mbuzi wa kumi. Lakini kamba haikusogea. Mkono wa mzee ulibaki pale pale, nje ya kizingiti.

"Mwezi wa tisa, saison ya mvua ikikaribia, tutahamia," Ananie alisema. "Nitaweka bati ya pili."

"Mwezi wa tisa," Kanyere alisema. Alikuwa miguu mitupu sasa, amekaa kwenye gogo. "Myezi ni mingi, na batu ya mujini bako na maneno mingi. Miye nataka kusikia mama wa picha."

Wote walimgeukia Débora.

Alikuwa amesimama karibu na maharage, hajakaa tangu ashuke. Mawazo yake yalikwenda kwenye mashine, ambayo kuanzia sasa angeifuata kila asubuhi kwa nusu saa ya kuteremka na kila jioni kwa saa nzima ya kupanda. Yalikwenda kwa wanawake wa vitenge, watakaokuta kiti kitupu saa mbili asubuhi na kutafuta fundi mwingine. Kodi ilikuwa imelipwa mpaka mwisho wa mwezi wa nane, na Zorobabel asingerudisha hata siku moja. Matope ya mwezi wa kumi aliyafahamu. Wakati wa matanga ya mama yake yalimvua kiatu na kukimeza. Na kanisani, benchi lingekuwa benchi.

Akaomba, midomo ikitikisika kidogo. Safari hii hakumwambia Mungu amtunze mahali popote. Aliomba sauti tu.

Alikuja mpaka mlangoni. Aliusogeza ule ubao pembeni kwa mikono miwili, akaingia ndani ya nyumba yenye giza na harufu ya udongo, akageuka, akasimama upande wa ndani wa kizingiti akiwatazama: Syauswa na kamba yake, Kanyere, Josaphat, Shekinah, Bénite, mume wake, na majirani wawili waliokuja kuona lori.

"Miye Débora, muke wa Ananie," alisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, "nasema mbele ya Mungu na mbele yenu wote: si mwezi wa tisa. Leo nitalala humu, na kesho nitalala humu, mvua inyeshe ao hapana, na siku Josaphat atakuja kuchukua bibi yake, atapiga hodi ku huu mulango, na ni miye nitaitika."